Leaf 30, Leaf 40 ama BYD? Niko Malindi, gari ni ya kusambazia keki

keki_za_mwambao (Malindi)

Salaam aleikum nyote, poleni na joto. Nataka ushauri na naomba msinicheke maana mimi mambo ya magari najua kutia mafuta na kupiga honi tu.

Mimi naoka keki, niko upande wa Maweni. Kila siku nina oda za hoteli na majumba ya wageni, Casuarina, Silversands, Lamu Road, na mara tatu kwa wiki nateremka Watamu. Nina Vitz ya kitambo na kusema kweli njiani hainisumbui, inayoniua ni kusimama. Nafika geti la hoteli naambiwa ngoja mtu wa stoo yuko kwa mkutano, na keki ya krimu haijui mkutano. Nikizima injini AC inakufa, dakika kumi na tano tu yale mawaridi ya siagi yashaanza kuinamisha vichwa. Basi naacha injini inanguruma nakaa hapo naunguza petroli ya 180 lita na gari haijasogea hata hatua. Wiki iliyopita keki ya harusi ya tabaka tatu, ile ya juu iliteremka taratibuu mbele ya macho yangu hapo hapo getini, nikairekebisha kwa kisu na Bismillahi. Sitaki hiyo tena.

Shemeji yangu yuasema gari ya stima AC yafanya kazi hata ikiwa imesimama kimya. Nikakaa na simu usiku tatu nikatoka nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoingia. Nilizoziona ni hizi: kuna Nissan Leaf ya 30 hapa hapa Malindi (hiyo 30 eti ni ukubwa wa betri, kilowati-saa), ya 2016, mwenyewe ataka milioni moja na laki moja. Kuna Leaf ya 40, ya 2018, iko yadi moja Nyali, wataka moja nukta saba tano. Halafu BYD Atto 3 hiyo nimeiona kwa simu tu na roho yangu iko hapo, lakini mfuko wangu ukijivuta sana wafika moja nukta nane na hapo nishauza na bangili. Ya mwisho kuna broka aniambia nichukue Note e-Power, eti hiyo ni ya umeme na haihitaji kuchajiwa kabisa, bei yake iko chini. Jamani hiyo yawezekana?

Safari zangu kwa siku ni kilomita 50 mpaka 70. Lakini Jumanne naenda Mombasa, Kongowea kuchukua matunda na mjini kuchukua vifaa vya keki, kwenda na kurudi ni kama 240. Yule wa yadi aniambia Leaf 40 inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Mwengine mtandaoni asema 270, mwengine 243. Gari moja hiyo hiyo!! Nani mkweli?

---

probox_ni_maisha

Dada nunua Probox, toa viti vya nyuma, tia friji. Mazungumzo yamekwisha.

---

kobe_wa_matsangoni (Gede)

Waaleikum salaam mama keki. Wote ni wakweli na wote hawakusaidii. Hiyo 400 ni kipimo cha zamani cha Kijapani kinaitwa JC08, kinapimwa gari ikienda polepole kama arusi ya kwenda kwa miguu. Kuna na 322 ambayo hujaitaja, hiyo ni WLTC ambayo Wajapani waliingia baadaye. 270 ni WLTP ya Ulaya. 243 ni EPA ya Marekani, na hiyo ndio iko karibu na maisha ya mwanadamu, tena betri ikiwa mpya toka kiwandani. Ukiona tangazo la gari iliyotoka Japani kilomita ni nyingi mno ujue ni JC08. Hiyo 30 nayo kwa JC08 yaitwa 280 na kwa EPA ni 172, sasa hebu ona tofauti.

Jina langu hapa sio la bure, acha nikupe kisa. Nilinunua Leaf 30 kutoka kwa broka, sitamtaja, namwachia Mungu. Kwa dashibodi upande wa kulia kuna vijistari vidogo 12, hivyo sio vya chaji ni vya afya ya betri. Yangu ilikuwa na vyote 12 vimewaka vizuri kama meno ya mtoto. Miezi miwili haijaisha kimoja kikazima, baada ya wiki cha pili. Nikauliza watu ndio nikaambiwa kompyuta ya betri yaweza kufutwa kumbukumbu ionyeshe 12 halafu pole pole inajifunza ukweli upya. Nikanunua kidude cha OBD2 cha blututhi, kile cha kuchomeka kwa kompyuta ya gari, nikatia kwa simu apu ya LeafSpy inayosoma betri, afya ya betri asilimia 74. Yaani robo ya betri niliyolipia haipo na haikuwepo.

Sasa siku hiyo natoka Mombasa, chaji 92, nikasema si nafika Gede bwana, hapo ni kilomita mia na kitu. Kuanzia Vipingo barabara ikafunguka nikaisukuma 100, AC namba tatu, redio juu. Kilifi nikaona namba zinashuka kuliko kilomita zinavyoshuka, nikazima AC, nikafungua madirisha, nikaanza kuomba dua. Karibu na Matsangoni ikanitolea picha ya kobe ya manjano. Mnaijua? Hiyo maana yake gari ishakata nguvu na unatembea kama kobe kweli, baiskeli ya mnazi imenipita mzee akanipungia mkono. Nikaingia kwa fundi wa kuchomelea mageti, nikamwomba stima nikamtolea 300, nikachomeka ekstensheni yake. Saa mbili na nusu nimekaa kwa kibao nakunywa maji ya madafu na watoto wa shule wananiuliza "babu, hii gari yala nini?" Nilipokuja kuchomoa plagi ilikuwa laini kama halua. Lakini nilifika nyumbani.

Kwa hiyo mama, usilinganishe gari na gari. Linganisha betri na betri. Leaf 40 iliyochoka yaweza kuwa mbaya kuliko 30 iliyotunzwa. Na ukumbuke betri ya Leaf haina maji ya kupoza, yapozwa na upepo unaopita chini tu, na sisi tuko Malindi. Watu wa Phoenix kule Arizona walilia kuanzia 2012, vijistari vyao vilikuwa vikizima mapema kwa joto, ndio Nissan wakaja na betri ya 2015 inayovumilia joto zaidi. Malindi sio Phoenix lakini Februari na Machi wenyewe mwajua.

Siichukii gari yangu lakini. Nakwenda Malindi na kurudi kila siku, naichaji nyumbani, petroli nimesahau harufu yake. Mombasa naenda na matatu.

---

fundi_stima_barani (Malindi)

Halua 😂😂 Mimi hizo plagi za halua ndio kazi yangu. Watu wananunua gari ya milioni mbili halafu wanachomeka kwa soketi ya kuchajia simu.

Dada kabla hujalipa senti moja, niulize mimi nyumba yako iko vipi. Gari inavuta umeme sawa na birika la maji, hiyo sio ajabu, ajabu ni kwamba birika ni dakika tano na gari ni saa sita mfululizo. Soketi ya kawaida ya 13 ukiivuta kiasi hicho usiku kucha na ndani waya zimefungwa kilegevu, inapata moto hapo hapo kwenye skrubu. Na ekstensheni ya kuviringisha ukiiacha imeviringwa ndio kabisa, inajipika yenyewe. Kwa gari yataka laini yake peke yake kutoka kwa boksi la breka, waya ya milimita mraba 6, breka yake, na RCD ile inayokata stima ikivuja. Sio gharama ya kutisha, nyumba ikiwa karibu na pale gari inapolala ni waya mita kumi na tano hivi.

Ya pili ni athi, ile waya inayopeleka stima iliyovuja ardhini. Hapa pwani watu wengi athi yao ni jina tu. Chaja ya gari inapima athi kwanza, ikiona haipo inakataa, yawasha taa nyekundu na mwenye gari yuadhani gari imeharibika. Juzi nimeitwa nyumba moja Muyeye, gari mpya, haichaji. Nikapima athi nikapata ohmu mia na kitu, kifimbo kimepigwa kwa mchanga mkavu na chini ni jiwe la matumbawe. Tukachimba shimo upande wa pili wa nyumba karibu na maji ya bafu yanapomwagika, tukatia makaa na chumvi, fimbo mbili, tukapima tena tukacheka. Gari ikachaji usiku huo huo.

Tatu, ile waya inayokuja na gari kutoka Japani imeandikwa volti 200 na stima yetu ni 240. Kuna watu wanabadilisha plagi tu wanaitumia na wanakwambia haina shida. Mimi siiamini. Nunua ya 240 yenye kichwa cha Type 1, hicho ndicho kinachoingia kwa Leaf ya Kijapani.

Hesabu sasa, hapa ndio mtu hufurahi. Leaf ukiiendesha kiutu mjini na AC inakula kama yuniti 16 au 17 kwa kilomita 100. Siku yako ya kilomita 70 ni yuniti 12, ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji tuseme 13 na nusu. Yuniti moja ikikugharimu 30 ni kama 400. Vitz yako kilomita hizo ni lita tano kasoro, 850 hivi, na hapo sijahesabu kusimama getini ambako injini na AC inakunywa karibu lita nzima kwa saa. Gari ya stima ikisimama AC yake haifiki yuniti moja kwa saa. Shilingi 30. Kwa hiyo hoja yako ya keki ndiyo hoja nzuri kuliko zote nilizosikia mtu akitaka gari hizi.

Ukichomeka saa nne usiku kwa kilowati 3, saa tisa imemaliza, wewe umelala. Na mwaka 2023 EPRA, wale wanaopanga bei za stima na mafuta, walitoa bei maalum ya kuchajia vyombo vya umeme, 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku, kabla ya makato mengine kuongezwa juu. Lakini hiyo yataka mita yake, kwa gari moja la nyumbani piga hesabu kama yakufaa.

---

probox_ni_maisha

Na stima ikipotea siku mbili kama ile wiki ya mvua? Keki zitaenda kwa mkokoteni?

---

fundi_stima_barani

Atafanya vile unavyofanya wewe petroli ikikosekana, atakaa. Tofauti ni kwamba akiwa na mazoea ya kuchaji kila usiku siku stima ikikatika yuko na zaidi ya nusu, hiyo ni siku nyengine nzima ya kazi.

---

keki_za_mwambao

Wallahi nimesoma yote mara mbili. Kobe pole sana lakini nimecheka hadi mume wangu kaja kuuliza kuna nini.

Sasa swali, BYD nayo mbona hamuisemi? Na ile e-Power? Na Jumanne yangu ya Mombasa nifanye nini maana kwa hesabu ya Kobe naona hakuna Leaf itakayonirudisha.

---

mzee_wa_bandarini (Mombasa)

Binti yangu, mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini, miaka mingi sasa, acha nikujibu hiyo ya broka kwanza maana imenikera.

Note e-Power ni gari ya petroli. Ina injini ya 1.2 ndani, hiyo injini kazi yake ni kuzalisha umeme, umeme unaenda kwa mota, mota inazungusha magurudumu. Betri yake ni ndogo sana, kilowati-saa moja na nusu hivi, ni kama kibuyu cha kupitishia maji sio tangi. Haina tundu la kuchomeka popote, hata ukitafuta kwa tochi. "Haihitaji kuchajiwa" ni kweli kama vile pikipiki haihitaji nyasi. Ukisimama getini na AC, betri ikishuka injini inawaka yenyewe. Ni gari nzuri na mafuta inakula kidogo lakini shida yako wewe haitatui.

Pili, magari ya miaka. Sheria ni miaka minane. Ukiagiza mwaka huu wa 2026 gari lazima iwe ya 2019 kuja juu. Kwa hiyo Leaf za 24 na 30 haziingii tena, kiwanda kilibadilisha umbo 2017. Zilizoko nchini ndizo hizo hizo zinazungushwa mkono kwa mkono, na kila mkono umekaa nayo juani. Hata hiyo 40 ya 2018 ya Nyali ilishaingia kabla, muulize imekaa yadi muda gani na imekaa na chaji kiasi gani. Gari ya umeme iliyokaa miezi sita juani imejaa chaji pomoni si sawa na iliyokaa kivulini na nusu.

Ukitaka kuagiza mwenyewe, ushuru wa bidhaa wa gari ya umeme mtupu ni asilimia 10, ya petroli ndogo ni 20 na yenye injini zaidi ya cc 1500 ni 25. Hapo watu hufurahi mapema. Ushuru mwengine bado upo, na KRA hawatazami risiti yako ya Japani, wana bei zao za CRSP ndizo wanazopigia hesabu. Uliza kwanza hesabu iandikwe kwenye karatasi ndipo utume pesa. Na usije ukavutiwa na vile vigari vidogo vya Kichina vya bei ya chini usukani kushoto, havisajiliwi hapa, nimeona mtu analia hapa Shimanzi kweupe.

BYD ni gari. Hapo sina la kusema. Betri yake ile wanaiita Blade ni ya LFP, aina ya lithiamu na chuma, inavumilia joto, na inapozwa sio kama Leaf. Atto 3 ya kilowati-saa 60 WLTP yake ni 420, kwa barabara yetu na AC utoe robo unabaki na mia tatu na kidogo, yaani Malindi Mombasa na kurudi. Lakini bei yake ni mara mbili ya mfuko wako na ushee. Bangili hazitatosha mwanangu.

---

kobe_wa_matsangoni

Mzee umemaliza. Naongeza moja kuhusu Jumanne. Mama keki wewe wataka kununua gari ya siku moja ukalipie siku saba. Jumanne ni siku nne kwa mwezi. Panda matatu, rudi na mizigo kwa kampuni ya vifurushi, au bakisha ile Vitz kama yauzwa bei ya kutupa. Mimi kosa langu lilikuwa hilo hilo, nilinunua gari ya Malindi nikataka iwe ya Mombasa.

Ama kama unakwenda Mombasa na unakaa huko saa tano sita, tafuta pa kuchomekea. Lakini ujue tundu la haraka la Leaf ni CHAdeMO, na chaja mpya nyingi siku hizi zaja na CCS2 ama GB/T ya Mchina. Piga simu uulize kabla ya kutoka, usiamini ramani ya simu. Chaja ya polepole ya Type 2 unaweza kuitumia ukiwa na waya ya kuunganisha na Type 1.

---

amu_hatuna_haraka (Mokowe)

Sisi huku Amu twawaangalia tu. Kisiwani ndia ni za punda wawili wakipishana mmoja asimama, BYD utaipitisha wapi. Punda chaji yake ni majani na akichoka hakuonyeshi kobe, alala tu katikati ya ndia na mkutano waahirishwa.

Ila nina swali la kweli. Mimi nalaza gari yangu bara hapa Mokowe na natoka sana kuenda Malindi, kilomita mia mbili na ishirini hivi. Kabla laini ile ya Rabai, Malindi, Garsen kufika Lamu tulikuwa kwa jenereta za dizeli hata swali hili lisingeulizika. Sasa stima ipo. Leaf 40 itanifikisha?

---

kobe_wa_matsangoni

Ndugu yangu haikufikishi. Labda iwe mpya, uende 60, usiwashe AC, na upepo wa kaskazi ukusukume mgongoni. Na barabara ile si ya kukwama jioni unatafuta fundi wa mageti, wajua mwenyewe. Ungechomeka Garsen ama Witu saa nne tano, safari ya siku nzima. Kaa na dizeli yako bado.

---

amu_hatuna_haraka

Nimeelewa. Punda basi.

---

keki_za_mwambao

Wiki moja baadaye, nimerudi, na mimi nimenunua kidude cha OBD2 😅 mume wangu yuanicheka asema nimeanza kununua gari kwa kununua kikoi cha kufutia.

Nilianza na hii 30 ya hapa Malindi. Mwenyewe mzee mstaarabu sana, vijistari 10, kanionyesha mwenyewe kabla sijauliza. LeafSpy ikasoma afya 73. Nilimpenda yule mzee kuliko gari. Kobe mwaonaje, mtu mwengine aniambia 30 kompyuta yake husoma vibaya na betri ni nzima?

Halafu Jumanne nikaenda Nyali. Kijana wa yadi hakutaka nitie kidude, asema eti kitaharibu waranti. Nikamwambia waranti gani ya gari ya 2018, nikakaa kwa kiti kimya, bosi wake akaja akasema mwache mama atie. Hizi hapa nimeandika kwa karatasi: afya 84, chaji za haraka 212, za kawaida 1,874, tofauti ya seli milivolti 16, joto la betri 36. Kilomita elfu 58. Sijui hata moja maana yake lakini nimeziandika kama mgonjwa aliyepewa dawa.

Nikawaambia nataka kuiendesha mpaka Vipingo na kurudi, wakasema zunguka hapa City Mall tu. Nikasema basi kwaherini. Wakanipa na kijana wa kunilinda. AC wazi, mbele nimeweka sahani ya krimu ya siagi kabisa, niliibeba toka nyumbani kwa kibaridi, yule kijana akaniona mwendawazimu. Tulitoka na chaji 91 tukarudi na 57, kilomita 60 kwa dashibodi. Na pale Vipingo tulisimama nusu saa kando ya barabara kavu jua la saa saba, AC yawaka, kimya kabisa, nasikia mpaka kunguru. Krimu haikuteleza hata kidogo. Hapo nilikaribia kulia.

---

kobe_wa_matsangoni

Sahani ya krimu ndio kipimo. Wacha na EPA.

Kuhusu 30 ni kweli, 2018 Nissan walitoa apdeti kwa sababu kompyuta za baadhi ya 30 zilikuwa zikisoma betri chini kuliko ilivyo. Lakini gari ya miaka kumi iliyoishi Malindi mimi 73 naiamini. Ukitaka uhakika iendeshe kama ulivyofanya Vipingo, kilomita hazisemi uongo.

Hiyo 40, asilimia 34 kwa kilomita 60, yaani mia kwa mia ni 176. Siku yako ndefu ya 70 itakula asilimia 40. Betri ikichoka zaidi ikafika 70 siku za mbele, bado wamaliza kazi yako bila kobe. Milivolti 16 ni nzuri, seli ziko pamoja, ila hiyo ulipima chaji ikiwa juu? Seli mgonjwa hujificha betri ikiwa imejaa. Ziko jozi 96 mle ndani na moja ikiwa mbovu inawarudisha wote nyuma. Kama waweza pima tena chaji ikiwa 20 hivi.

---

mzee_wa_bandarini

Na ile betri ndogo ya 12 ya mbele nayo itazame mwaka wake. Hiyo ikifa gari nzima yageuka jiwe hata kama kubwa imejaa, na ni betri ya kawaida tu yauzwa kila duka. Wengi wametapeliwa kwa fundi hapo, wakaambiwa gari yote imekufa.

Bei usiwape hiyo ya juu. Waambie asilimia 16 ya betri imeshaliwa, nayo ilipwe na aliyeila.

---

keki_za_mwambao

Nimepima tena kwa 22, walinikubalia baada ya kuzungushwa Nyali nzima na kijana yule yule, sasa tushakuwa marafiki. Tofauti milivolti 27.

Wameteremka mpaka moja nukta sita mbili na wanibadilishia betri ndogo. Vitz nabaki nayo ya Jumanne, kobe umenishawishi. Mume wangu asema gari ilale chini ya mwarobaini, kivuli iko, lakini kutoka boksi la breka mpaka pale ni kama mita 22 na njiani kuna tangi la maji.

Fundi wa Barani, Jumamosi una nafasi uje upime athi kabla sijatuma pesa?

---

fundi_stima_barani

22 ni sawa tu, tutapitisha ardhini kwa mfereji, tangi tutalizunguka. 27 kwa chaji ya 22 sio mbaya.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa hapo na mita yangu. Mwambie mzee asichimbe chochote mpaka nifike, watu huchimba mahali pa mawe halafu nalaumiwa mimi. Na keki iwepo.

---

keki_za_mwambao

Ipi, ya chokoleti ama vanila?

---

fundi_stima_barani

Ya nazi.